Kikohozi cha Kwenye Kona

Baba,

Leo ndiyo mara ya kwanza naongea na wewe bila kufunika uso, na nianze kwa kusema kwamba nimekukasirikia. Miaka kumi na moja nimeolewa na mwanao, na miaka yote hiyo mila yetu ilinikataza nisikuangalie usoni, nisikusalimie, nisilitaje jina lako. Mke akisikia baba mkwe anakuja, anatoka njiani. Haya, nilikubali. Mama yangu naye alikubali. Lakini mama yangu alipata baba mkwe anayetembea! Mimi nikapewa anayekimbia.

Unajua taabu niliyopata? Wazee wa wenzangu wanakuja polepole na fimbo zao, mtu anapata nafasi ya kutua ndoo na kujisogeza migombani. Wewe unachomoka kwenye kona kama umefukuzwa na nyuki. Nimetumbukia mtaroni na ndoo ya maji kichwani, nikiwa mjamzito, majirani wanacheka. Ndipo ukaanza kukohoa kabla ya kufika kwenye kona, mara mbili, ili nipishe. Nikikusikia naruka pembeni, nachutama, nafunika uso kwa kanga, miguu yako inapita kwenye matope, halafu naendelea na safari. Kukujua kwangu kulikuwa kikohozi na nyayo, basi. Hata tulipoanza shamba la ujamaa, mwenyekiti asiyejua mambo yetu akatupanga mimi na wewe mstari mmoja wa chai, nikapalilia kinyumenyume mpaka saa sita.

Nafahamu ulikuwa tarishi wa boma enzi za mkoloni, unapeleka barua mbio vijijini na kurudi. Sawa, ilikuwa kazi. Uhuru ulipokuja boma likapata Landrova, kazi ikaisha. Mbona mbio hazikuisha? Ukasikia kwenye redio kwamba mwenge umewashwa juu ya Kilimanjaro, ukasema na sisi tunao mlima wetu. Tangu hapo kila Siku ya Uhuru, Desemba hiyo, na mvua ya Tukuyu tunaijua wenyewe, unatoka Makandana hapo mjini, unapanda Rungwe kupitia kwenye mianzi, unateremkia upande wa pili, unauzunguka mlima kwa chini na kufika nyumbani siku ya pili. Matope mpaka magotini. Ukungu mpaka huoni mkono wako. Na zawadi hakuna, hata soda moja!

Tena ukampata wa kukufuata, Mwalimu Magesa, mtu wa Musoma aliyeletwa kufundisha shule yetu, msomi mzima. Mara ya kwanza alirudi hana kucha mbili za miguu. Nikasema huyu amekoma. Mwaka uliofuata ndiye aliyekuja kukugongea mlango, anacheka. Nilimuuliza mama mkwe, "Mama, kwani wanatafuta nini huko?" Akanijibu, "Mwache tu, mwanangu. Mimi nilishachoka kuuliza."

Sasa nifike kwenye lile linalonikaba.

Siku ya Uhuru iliyopita mliondoka wawili, kesho yake mchana akarudi Mwalimu peke yake. Alisema mlipotezana kwenye ukungu. Wanaume wakapanda juu kukutafuta. Mume wangu alikuwa Mbeya. Mimi nikatia uji kwenye chupa ya chai nikashika njia ya chini, ya upande wa mto, maana nilijua tabia yako: ungetambaa kwa tumbo kuliko kuuacha mzunguko nusu.

Kwenye kona moja nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Baba, nikapisha. Nikatoka njiani, nikachutama, nikafunika uso, nikangoja upite. Hukupita. Ukakohoa tena, palepale. Na hapo nilijua. Watu wanadhani sikujua, lakini nilijua kabisa kwamba umeanguka na unaniita, na bado niliivuta kanga zaidi usoni. Nilikaa kwenye majani yaliyolowa nimekumbatia chupa ya uji, nasikiliza mtu mzima anakohoa, anakohoa, mpaka kikohozi kikaanza kufifia. Sijui ulikuwa muda gani. Labda wa kumenya mkungu mzima wa ndizi. Nilikuwa nalia kwa hasira, nakutukana moyoni, kwa nini hukukaa nyumbani kama wazee wengine, na sinyanyuki.

Niliponyanyuka hatimaye, nikakukuta kwenye korongo, mguu umepinda, midomo imekauka. Na wewe uliponiona ulifanya nini? Ukavuta shati ukajifunika uso! Mwe! Mtu amevunjika mguu, amelala kwenye mvua, na bado ananifichia uso. Nilikufunga mguu kwa kanga, nikakunywesha uji huku naangalia mianzi, nikaupitisha mkono wako begani. Tukaenda hivyo mpaka barabarani, wewe umegeuka kushoto, mimi kulia, kama mke na mume waliogombana sokoni.

Njiani nikaona mila imeshavunjika pamoja na mguu, nikauliza. Baba, unafuata nini huko juu? Ukaruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja. Kisha ukasema, "Huko juu sikohoi, mwanangu. Hakuna anayeruka mtaroni kwa ajili yangu."

Nilikasirika nusura nikuachie uanguke. Miaka yote hiyo! Unaparamia mlima, unalala msituni na baridi ile, ili usinione naruka mtaroni, badala ya kutembea polepole kama binadamu! Hivi hukuona kwamba mwendo tu ndio uliokuwa shida? Mpaka leo nikilikumbuka nacheka, halafu naenda kuutazama ule mtaro.

Hospitali ya Igogwe walikufunga mguu vizuri, ukapona. Kifua ndicho hakikupona. Julai baridi ilipokaza, ukaondoka. Wanasema ni uzee. Mimi naufikiria ule muda niliokaa kwenye majani. Msibani Mwalimu alisimama akasema, "Mzee aliniambia, 'Nilikohoa mara moja tu, mkwe wangu akaja mbio.'" Watu wote wakanigeukia wakanishukuru, ndaga, ndaga, na mimi nikainamisha kichwa nikazipokea shukrani zao. Ulinidanganyia, Baba. Kwa nini? Mimi sikuja mbio. Nilikaa. Nimeandika hapa ili pawe na mahali pamoja yalipoandikwa ya kweli. Nisamehe.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Nimeingia kisomo cha watu wazima, Mwalimu ndiye anayetufundisha. Wewe uliyebeba barua za watu maisha yako yote, mama mkwe anasema hukuwahi kupata ya kwako hata moja.

Na wendawazimu wako umeambukiza watu. Safari hii wanaokwenda mlimani ni tisa, pamoja na mwenyekiti yule wa mstari wa chai. Binti yangu Neema naye anataka. Nimegomba mpaka sauti imekauka. Mwalimu akaniomba niwaonyeshe ile kona, waweke jiwe la kukukumbuka. Nikamwambia sina mguu wa kupeleka kwenye upuuzi. Kisha nikaenda nyumbani nikaosha chupa ya uji.

Nitakwenda, Baba. Kukimbia sikimbii, bado nina akili zangu. Nitapanda polepole, uso wazi, na nikikaribia ile kona nitakohoa mara mbili.

Usipishe. Kaa hapohapo njiani, nije nikuone.

Lala salama.

Mimi mkweo,
Mama Neema