Maini ya Salimu

Jumatatu, 2 Juni
Maini tena asubuhi. Nayafuata mwenyewe kwenye bucha la mtaa wa Mabawa, maana kila anayekuja kumtazama mgonjwa anasema maini yanaongeza damu. Mume wangu Salimu amekula vipande vitatu. Macho bado ya njano. Picha ya tumbo imeonyesha kitu kwenye ini lake. Daktari anasema ni minyoo au saratani. Nimepeleka choo chake maabara. Ya Rabi, iwe minyoo.

Jumanne, 3 Juni
Mayai yameonekana! Mayai ya minyoo ya ini. Nimelia kwa furaha mbele za watu. Mama mkwe, huko Pangani, kapiga vigelegele kwenye simu. Minyoo ina dawa.

Jumatano, 4 Juni
Dawa hatukupewa. Dada wa maabara kaniuliza, "Mgonjwa anakula maini?" Kila siku, nikajibu, tena kwa maringo. Akanieleza.
Kumbe ng'ombe naye huugua minyoo hiyo. Ukila ini lake, mayai yanapita tumboni mwako na kutoka chooni, na wewe huna minyoo. Salimu asile maini wiki nzima, kisha apimwe upya.
Nimemchukia yule dada. Nimeichukia mikono yangu.

Jumamosi, 7 Juni
Idd. Jirani kaleta sahani ya maini ya mbuzi. Salimu, ambaye siku hizi hata uji unamshinda, kanyoosha mkono. "Kipande kimoja tu, mama Zuhura. Leo sikukuu."
Nikawaza, nitoke nikanunue ya ng'ombe, nimpe, kila siku. Mayai yataonekana tena, ataandikiwa dawa, nami nitalala. Najua ni upumbavu. Nimekaa nao tangu adhuhuri mpaka magharibi.
Sahani nimewamwagia paka. Maini ya Idd! Salimu hasemi nami.

Jumatano, 11 Juni
Nimepeleka choo kingine. Sina hamu ya kitu. Naombea mume wangu awe na minyoo; nani ataelewa?

Alhamisi, 12 Juni
Hakuna hata yai moja. Dada wa maabara kaangalia mara mbili, akanishika mkono. Daktari anasema twende Dar, Salimu akatwe kinyama kidogo cha ini kikapimwe. Lile neno hakulitaja. Sikumuuliza.
Nimerudi kwa njia ya Mabawa. Nimenunua maini, nimeyakaanga kwa vitunguu na ndimu. Salimu kala yote, kisha kasema chumvi imepungua.
Nikamletea chumvi.