Magunia ya Mama Neema

Jumatano, Mbeya. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi, na mimi nina hasira. Bora niimalizie hapa kwenye daftari kabla sijammwagia mtu.

Jana niliitwa Chimala, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Sanga. Mfumo wake wa kompyuta niliutengeneza mimi. Mkulima akileta mpunga ghalani, karani anaingiza jina na idadi ya magunia, akichukua, yanapungua. Mzee Sanga alifurahi mpaka akaandikisha ukutani kwa rangi nyekundu: HAPA HATUKOSEI, TUNATUMIA KOMPYUTA.

Mimi sikuwahi kumwambia hivyo.

Nilimkuta Mama Neema amekaa juu ya magunia yake, amekunja mikono. Jumamosi anamuaga binti yake anayeolewa, na wageni hawali maneno. Alikuja kukoboa mpunga wake, karani akatazama kompyuta na kumwambia alishauchukua wiki iliyopita. Magunia yapo, ameyakalia, midomo ya magunia kaishona mwenyewe kwa uzi wa bluu, lakini kompyuta inasema hayapo.

“Mwanangu,” akaniambia, “hiyo kompyuta ndo ililima?”

Sikuchelewa kuona kilichotokea. Nafasi ya jina kamili niliiweka. Lakini nani pale anamuuliza mama mtu mzima jina lake? Ukishazaa unaitwa kwa mtoto, basi. Karani aliandika kama watu wanavyoitana. Wiki iliyopita Mama Neema mwingine, wa Igurusi, alichukua mpunga wake, na mfumo ukampunguzia huyu.

Nikamweleza Mzee Sanga. Akanivuta pembeni, akaniomba niwaambie wateja kwamba mama kasahau.

“Wakijua inakosea, binti yangu, nani ataniletea mpunga?”

Hofu yake naielewa. Lakini mama wa watu aonekane kachanganyikiwa ili kompyuta ionekane ina akili? Hapana. Hapana kabisa.

Nikarudi kwa wateja waliokuwa kwenye foleni, nikasema kwa sauti: mfumo umekosea, nimeutengeneza mimi, na siku nyingine utakosea tena. Ukikosea, angalieni gunia. Mama Neema akainuka, akawaita wabebaji. Mzee Sanga hakuwazuia, lakini hata kuniaga hakuniaga.

Asubuhi hii kanipigia. Anataka mfumo usiokosea, la sivyo atatafuta mtaalamu kutoka Dar. Amtafute tu. Huyo mtaalamu naye atakutana na akina Mama Neema.

Kusema kweli naogopa. Yeye ndiye mteja wangu mkubwa, na Chimala nzima wanasikilizana. Akinitangaza vibaya, nitarudi kuchapa barua za watu stendi.

Lakini mfumo usiokosea sina, na siwezi kumuuzia mtu nisichokuwa nacho.

Nimeshinda nikirekebisha. Sasa majina yakifanana, kompyuta inauliza kijiji na rangi ya uzi wa gunia. Na kabla karani hajamkatalia mtu, maneno yanatokea kwenye kioo: “Mfumo huu unaweza kukosea. Nenda kaangalie gunia.”

Jioni nikamtumia Mzee Sanga picha aone. Kajibu kwamba kazi ni nzuri, ataipokea, ila hayo maneno ya mwisho niyafute kwanza.

Nimeyakuza herufi.