Mpira Ulitoka Bila Kikohozi

Subukia,
14 Agosti 1957

Kwako Jeruto, mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, za mikono miwili. Hujambo huko Molo? Na mzee wako, ule mguu unamsumbua bado kwa baridi hii? Sisi ni wazima. Kosgei mwanangu anakamua ng'ombe za mzungu kama kawaida. Anayeshika kalamu ni mkewe, Chepkurui, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze.

Shingo yangu imepona. Lile rovu uliloliona likikua miaka kumi na mbili mpaka likawa kama kibuyu, halipo. Nalala chali, napumua bila kupiga filimbi. Kosgei anasema nimekuwa msichana tena. Nikamwambia afunge mdomo aende kazini.

Unakumbuka siku uliponipeleka hospitali ya Nakuru, Daktari Harjit, yule Kalasinga wa dawa ya usingizi, alivyotueleza. Alisema nikishalala atanitia mpira kooni wa kupumulia, na kwamba taabu yake haiko katika kuuingiza, iko katika kuutoa. Mpira ukitoka, watu wengi hukohoa kama waliomeza pilipili. Mimi nikikohoa hivyo na shingo imeshonwa sasa hivi, mishipa waliyoifunga inaweza kufunguka, damu ijae ndani na kunikaba. Ndipo akauliza kama natumia tumbaku yoyote. Wewe uliruka kabla sijafungua mdomo, ukamwambia dada yako aliacha ugoro siku ya kubatizwa, kanisa zima ni shahidi. Nami nikaitikia. Kikohozi changu cha asubuhi nikasema ni moshi wa jikoni.

Basi siku ya kukatwa ilipofika, alininyunyizia koo dawa ya ganzi. Walipomaliza kushona akafyonza mate yote, akanilaza ubavu, akautoa mpira ningali usingizini, koo lisipate habari. Muuguzi Chepkemoi aliyekuwapo anasema nilimeza mate tu kama mtoto aliyeshiba, nikaendelea kukoroma. Damu haikutoka. Nilipoamka niliomba chai wakaninyima, eti koo bado lina ganzi, chai itashuka njia ya pumzi. Niliwatukana kidogo. Walicheka.

Sasa kaa chini, Jeruto. Nasikia unazunguka huko ukisema nililazwa wiki mbili bure kwa sababu daktari alikwenda kutembea. Ni mimi niliyekuambia hivyo, na nilikudanganya. Hakwenda popote.

Ugoro sikuuacha hata siku moja. Miaka sita nimeuficha ndani ya unga wa wimbi, nanusa nikiwa zizini, na kila Krismasi nakuja kukaa nawe kanisani na pua safi. Ulipoondoka siku ile nilibaki kitandani nikawaza, nikinyamaza nitakufa kwa ajili ya sifa ulizonipa. Nikamwita daktari, nikamtilia kikopo changu cha ugoro mkononi, nikamwambia wasinikate kwanza, nimesema uongo mbele ya mdogo wangu. Alicheka mpaka akashika kilemba. Kisha akakaza uso, akasema tungoje wiki mbili, nisiguse ugoro, kila asubuhi nivute mvuke wa maji moto na kutema makohozi. Nilitema mpaka mbavu zikauma, mpaka Vimla wa kitanda cha pili akaniomba kwa heshima zote nikatemee nje. Ndiyo hizo wiki mbili zako.

Mtu aliyenitunza hivyo usimchafulie jina. Chafua langu. Jumapili simama useme kweli, kwa sauti ileile uliyonisifia. Ukiona haya, ningoje, nitakuja niseme mwenyewe. Sauti ninayo sasa. Najua utanikasirikia. Kasirika, lakini usikae na hasira hiyo mbali nami. Mtu wa kuniambia mimi ni mwongo nikamsikiliza ni wewe peke yako.

Leo ni siku ya arobaini bila ugoro. Ya kesho siijui, na hilo usilitangaze.

Msalimie mzee wako, na wote wa boma lako mpaka yule jirani mwenye maneno. Mungu akulinde, mtoto wa mama yangu.

Mimi dada yako,
Cheptanui
(nimeweka kidole gumba hapa chini, ujue ni mimi)