Alvester Gaither, Kinyozi Aliyewafundisha Watoto Kukalia Mikono

Mwaka umezunguka, mzee wangu, tangu ile Jumamosi ulipoiweka mashine ya kunyolea juu ya meza, ukajikalisha kwenye kiti cha wateja kana kwamba zamu ya kunyolewa ni yako, na hukuinuka tena.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako. Kalamu ameishika Verdell mkeo, na watoto wamekubali kuweka majina yao chini hata pale wasipopapenda. Mchungaji ametushauri tuandike maneno matamu. Matamu tuliyamaliza siku ya mazishi, mbele ya watu, tukiwa tumevaa fulana zenye picha yako. Leo utatuvumilia.

Duka lako la kunyolea liko palepale kwenye kona, upande wa magharibi wa Baltimore, na nyumba tatu za jirani bado zimepigiliwa mbao madirishani. Thaddeus, mwanao, ndiye anayenyoa sasa. Ana mkono mzuri kuliko wako, usikasirike, ila hana mdomo wako. Wateja wanakaa, wananyolewa, wanaondoka. Hakuna anayetukaniwa timu yake wala anayeulizwa kwa nini hajaoa.

Ijumaa bado tunanunua samaki wa kukaanga na mkate mweupe, na bado tunaweka pilipili ya chupa mezani, ingawa wewe pekee ndiye uliyekuwa unamwagia kila kitu, hata mayai. Tunaiweka tu.

Tunakumbuka chumba cha nyuma. Ulikibomolea rafu za akiba ukaweka meza nne, na juu ya kila meza ubao wa sataranji, ili watoto wanaosubiri kunyolewa wasisubirie nje kwenye kona. Wakaanza kuja hata wasio na nywele za kunyoa. Sheria zako zilikuwa chache: anayeshinda anachagua muziki, anayefungwa anafagia nywele. Wajukuu wa majaji na watoto wa waliofungwa jela walifagia nywele zilezile, na wewe ukisimama na mashine mkononi ukiwachokoza kutoka mlangoni.

"Unamtoa malkia peke yake? Mama yake anajua yuko barabarani saa hizi?"

"Mista Al, wewe nyoa watu," watoto walikujibu. "Huyo mteja wako ana sikio moja limebaki."

Ukiwa umeshamtega mtu ulikuwa unaimba wimbo wa kanisani kwa pua, polepole, na kila mtoto alijua kwamba mfalme wake hana muda mrefu. Renita binti yako anasema ndiyo sababu mpaka leo akisikia ule wimbo ibadani anajikuta akimtafuta mfalme wake.

Na tunakumbuka jinsi ulivyowafundisha kufikiri. Katika mchezo ule ukigusa kete umecheza, hata ukigundua umejiua mwenyewe. Mikono ya watoto ikawa inakimbia. Ukasema mkono una haraka na kichwa kina miguu mifupi, basi mkono usubiri. "Kalia mikono yako," ukawaambia, na wote wakaiingiza mikono chini ya mapaja wakaikalia, mpaka kichwa kifike. Uliwaambia mtoto anayeweza kukalia mikono yake huku anachokozwa hakuna kona itakayomla.

Ilikuwa kweli, Al. Hatutamruhusu mtu aseme haikuwa kweli. Walimu walikuja kukushukuru. Watoto waliokuwa wakirusha ngumi wakawa wanakalia mikono darasani, kwenye mtihani, kwenye ngazi za mbele ya nyumba mwenzao anapowatukania mama. Sheleen, mama yake Kavon, alisimulia baada ya ibada kwamba mwanawe anakalia mikono hata mezani, dada yake anapomchokoza, na chakula kinapoa. Tulicheka mpaka tukafuta machozi.

Kavon huyo ndiye uliyempenda, na usikatae. Alikuja akiwa mdogo, mwenye hasira. Akifungwa anapindua ubao, kete zinaingia chini ya kabati. Alifagia nywele mpaka tukadhani umemwajiri. Kisha siku moja akatulia, na hakufagia tena. Alipofika fainali ya jimbo, chumba kikiwa kimejaa watoto wa shule za ada kubwa na makocha wao, alikalia mikono mchezo mzima, uso mkavu, akamfunga kijana aliyekuja na makocha wawili. Picha yake akiwa amekaa hivyo uliitundika juu ya kioo, mahali ambapo ilikuwa picha yetu ya harusi. Mimi nilinuna wiki nzima.

Sasa tunafika pale pasipotamkika, nasi tutapatamka.

Ilikuwa alasiri ya Oktoba. Kavon alitoka kwako na ubao wake umekunjwa kwapani. Mtu alikuwa ameiba simu dukani, na polisi walikuwa wanamtafuta kijana mweusi aliyevaa sweta ya kijivu yenye kofia. Oktoba, Baltimore, nani hakuvaa sweta ya kijivu? Wakamsimamisha mbele ya nyumba ya dada yako Odessa, ambaye alikuwa anasugua ngazi zake za marumaru kama kawaida yake. Wakamwambia akae chini ukingoni mwa barabara. Akakaa.

Alipoogopa akafanya lile ulilomfundisha kufanya na hofu. Aliikalia mikono yake.

Wakapiga kelele atoe mikono, mikono iko wapi, ameficha nini. Odessa naye akapiga kelele kwamba huyo ni mtoto wa sataranji, hana kitu. Kabla mtoto hajajua aanze na mkono upi watu wazima wawili walikuwa juu yake, na kiwiko cha kulia kikavunjwa kinyumenyume. Ubao wa mchezo ulikanyagwa. Baada ya muda mfupi redio ikawaambia kwamba mwizi amekamatwa mtaa mwingine. Wakasema alificha mikono, na wakubwa wao wakasema hakuna kosa lililotendeka, kwa kuwa alificha mikono.

Ulikimbia hospitali na koti la kinyozi mwilini, nywele za mteja zimekujaa begani. Ulimuuliza swali moja tu, kwa upole.

"Mwanangu, kwa nini hukuitoa mikono walipokuambia?"

"Nilikuwa nafikiri kwanza, Mista Al," akasema. "Kama ulivyotufundisha."

Hilo ndilo lililokuua. Daktari ameandika moyo, sawa, naye asome alichosomea. Sisi tulikuwepo. Ulirudi nyumbani ukaishusha ile picha, ukakunja mbao zote za sataranji, ukafunga chumba cha nyuma na ufunguo ukautia mfukoni. Sheleen alipokuja kazini kwako akasema mbele ya wateja, "Umemfundisha mwanangu kukaa kimya ili wamvunje vizuri," uliendelea na kazi. Ulimaliza kumnyoa mtu uliyekuwa unamnyoa. Mimi nilitaka kumrarua. Wewe ukaniambia nyumbani, "Vee, anasema kweli."

Tuligombana usiku na mchana. Nilikwambia si wewe uliyemvunja mtoto. Ukasema, "Mimi ndiye niliyemkalisha juu ya mikono." Nikakwambia aliyevunja anajulikana, ana jina kifuani na bunduki kiunoni, na leo anakula chakula chake anashiba. Hukunisikia. Waliovunja walilala usingizi, na hatia ikakosa pa kwenda ikaja kulala kwetu, kitandani, katikati yetu. Majira ya baridi yote ulikuwa unakonda. Uliacha kuimba wimbo wako. Uliacha hata pilipili. Na maneno yako ya mwisho kuhusu lile jambo yalikuwa kwamba chumba kile kisifunguliwe tena, wewe ukiwa hai au ukiwa umekufa.

Kwenye mazishi diwani alikuja akasoma juu ya kinyozi aliyewapa vijana wetu matumaini. Ulipokuwa hai alipita mbele ya dirisha lako kila siku hakuwahi kuingia hata kunyolewa ndevu. Kituo cha polisi nacho kilituma maua. Yalikuwa maua mazuri sana. Niliyabeba mwenyewe mpaka kwenye pipa la nyuma ya kanisa, na pipa halikulalamika.

Mzee wangu, tumevunja amri yako. Jua hilo kutoka kwetu kabla hujalisikia kwa wengine. Watoto walikuwa wanakuja kwenye duka la kunyolea, wanasimama wanautazama mlango wa nyuma, halafu wanarudi kwenye kona, na kona ilikuwa inawapokea. Mmoja ameshakamatwa. Renita hakuweza kuvumilia. Mwezi uliopita aliuchukua ufunguo kwenye suruali yako, akafungua, akafuta vumbi, akapanga mbao. Nilimwambia baba yake alikataza. Akaniambia, "Mama, baba alikuwa anajiadhibu. Hawa watoto wamekosa nini?" Nikapiga magoti nikaanza kutafuta kete zilizoingia chini ya kabati.

Wakaja. Meza nne zikajaa, wengine wakasimama. Lakini Renita hakuweza kutamka lile neno lako. Mikono ya watoto ilikuwa inaruka ubaoni kama kuku waliomwagiwa mtama, na yeye akawa anasema wahesabu, wavute pumzi, waiweke mikono mapajani. Wapi. Kila mtoto aligusa, akajuta, akalia. Kila jioni Renita alirudi nyumbani akasema labda baba alikuwa na haki, labda tufunge.

Jumamosi iliyopita akaja Kavon. Amekuwa mrefu. Kiwiko hakinyooki, na hakitanyooka. Mama yake, Sheleen, alibaki mlangoni na mkoba kifuani.

"Sijaja kuomba radhi, Bi Verdell," akaniambia.

"Sijakuomba," nikamwambia. Tukasimama pale, sote wawili, tukatazama ndani.

Kavon alikuwa amekaa mbele ya msichana mdogo anayeitwa Amiyah, ambaye alikuwa ameshagusa malkia wake vibaya mara mbili na alikuwa anautuma mkono mara ya tatu.

"Kalia mikono," Kavon akamwambia.

Kule mbele Thaddeus alizima mashine. Renita alipiga hatua kumzuia. Lakini kijana alikuwa ameshaanza yeye mwenyewe: wa kushoto ukaingia chini ya paja kirahisi, wa kulia ukakataa, ikambidi alalie upande mmoja wa kiti ili ule mkono uliopinda upate njia. Aliuingiza. Akakaa kama kwenye picha.

"Humu ndani unaikalia, ili ufikiri," akamwambia. "Ukitoka mlango ule, mikono nje, juu, kila mtu aione. Kufikiri utafikiria nyumbani."

"Kwa nini?" mtoto akauliza.

Sheleen aligeuka akatazama barabara. Amiyah akaikalia mikono yake, akautazama ubao muda mrefu, akaona mtego, akamhamisha farasi. Kavon akaanza kuimba kwa pua, ule wimbo wako, Al, polepole. Mimi nilitoka nje.

Basi picha tumeirudisha juu ya kioo. Na kuna desturi mpya, si yako, ila imezaliwa na yako. Jioni watoto wakiondoka, Renita anasimama mlangoni na kila mmoja anampitia akiwa amenyoosha viganja viwili mbele, vidole vimetanuka, yeye anakagua, ndipo anamruhusu atoke. Wadogo wanadhani ni mchezo. Wanashindana nani atanyoosha vizuri zaidi, wanacheka, wanaenda nyumbani mtaa mzima mikono iko mbele hivyohivyo. Tunawatazama dirishani mpaka wakate kona.

Wanaokukumbuka: mkeo Verdell, wanao Renita na Thaddeus, dada yako Odessa, ambaye bado anasugua ngazi zake na bado anasimulia alichokiona kwa yeyote anayepita, apende asipende, wajukuu zako wote, na Kavon, aliyeomba aandikwe pamoja na watoto wako, na hapa ndipo tumemwandika.

Wewe hatutakusahau maisha yetu yote. Na wao waliomvunja Kavon pia hatujawasahau.