Benchi la Watu Wote

Boito, Konoin
Jumapili, baada ya misa

Kwa dada yangu Nyabate,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Kabla hujaendelea, tafadhali kaa chini, maana nakujua: barua wewe huisoma umesimama, mwiko mkononi. Si habari ya kifo, usishtuke. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji Omariba bado anabishana na redio? Watoto wote nawasalimia, na wifi yako Phelis pia, huko Keroka kwa shangazi yake alikokwenda. Kama una habari zake ningefurahi kuzipata. Sababu utaiona huko mbele.

Mimi ni mzima wa mwili. Mvua imenyesha vizuri, chai inachipuka kabla hata hatujaipa kisogo, na vidole vyangu vimekuwa vyeusi kiasi kwamba padri hunipa komunyo mdomoni bila kuuliza. Ng'ombe wa Mama Cheptoo, mwenye nyumba wangu, amezaa ndama jike, basi maziwa si shida. Barua hii nimempa Ombati, mchumaji mwenzangu, anayekuja huko kwa harusi ya binamu yake. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, kwenye simu mtu akikuambia neno moja wewe unamrudishia kumi, na jambo hili linataka unyamaze mpaka nimalize. Tangu nishike kalamu nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Unamkumbuka Goreti, yule Mrundi niliyekuambia tunaimba naye jumuiyani? Alifika huku mwaka juzi akimfuata mumewe, aliyekuwa akiuza njugu mjini Litein, akakuta mume amehama na hakuna anayejua alikokwenda. Nikamkaribisha kwangu kwa siku mbili. Unazijua siku mbili za mgeni asiye na nauli. Lakini kwao pia kuna chai, huko milimani, na siku ya kwanza alipoingia shambani alituacha nyuma mistari miwili, tukabaki kutazamana. Ni mwanamke wa maneno machache, na Kiswahili chake kina njia zake. Akianza kusema jambo inabidi ulisubiri lifike.

Shida ilikuwa kuandikwa kazi. Kontrakta anayetupeleka mashambani hutaka kopi ya kitambulisho. Mgeni naye ana utaratibu wake, kibali na kadi ya wageni, na ofisi za mambo hayo ziko mbali. Goreti alikuwa na ile karatasi ya mpakani tu, na siku zake zilikuwa zimekwisha. Hakujua aipeleke wapi, na sisi wenyeji wake hatukujua pia. Basi akaandikwa kwa kopi ya kitambulisho cha mwanamke mwingine. Huku kwetu hilo si ajabu. Mtu akiugua, dada yake huchuma kwa jina lake. Mama akijifungua, jirani humshikia nafasi. Jina kwenye mizani ya majani ni kama gambuti za nyumba, anayeamka mapema ndiye huzivaa. Hatukuona kwamba tumefanya kosa, tuliona tumesaidia. Tena kopi zetu hutoa uso mweusi kama sufuria, hata mama yetu asingeweza kusema ni nani.

Mwezi wa tano mwaka huu, siku ya soko, polisi walikuwa Litein wakiangalia vitambulisho. Goreti akatoa ile kopi. Afisa mmoja alikuwa mtu wetu wa Kisii. Akasoma jina, akafurahi, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani na kumuuliza ni binti wa nani. Goreti akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza tena. Ndivyo alivyokamatwa, kwa salamu tu. Akashtakiwa makosa mawili: kuwa nchini bila kibali, na kujifanya mtu mwingine. Watu walisema kwa hilo la pili anaweza kufungwa miaka. Alipoulizwa kopi aliitoa wapi, alisema aliiokota njiani.

Siku ya kwanza ya kesi nusura nisiingie. Nilisimama uani tangu saa tatu nikiwa na chapati nne ndani ya leso, nikiamini kwamba korti ni ya walioitwa, yaani mshtakiwa, wakili na polisi. Wakiniuliza mimi ni nani wake, ningesema nini? Karani mmoja wa kike, Chelangat, alitoka mara mbili kuita majina na mara zote mbili akanikuta palepale. Akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia simngoji mtu, naangalia tu. Akacheka, akasema, "Sasa mama, kama ni kuangalia si uangalie ukiwa umekaa? Hii korti ni ya kila mtu, hata kama huna kesi. Zima simu, hakimu akiingia simama, akikaa kaa. Hakuna mtu atakuuliza jina." Chapati nikaziacha kwa askari wa mlangoni, na Mungu anisamehe, niliporudi zilikuwa tatu.

Nikakaa benchi la nyuma, kati ya mzee aliyekuja kusikiliza kesi ya shamba isiyomhusu hata kidogo na mama aliyekuwa akisali rozari chini chini. Hakimu ni mwanamke, mdogo kuliko wewe. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha mbio. Goreti akaulizwa kama anakubali, akasema ndiyo. Akaulizwa kama ameelewa, ndiyo. Kila kitu ndiyo, kama mtu anayeitikia litania. Hakimu akavua miwani, akamuuliza polepole analala wapi. Goreti akajibu ndiyo. Hapo hakimu akafunga faili, akasema mtu huyu haelewi, na asiyeelewa bado hajajibu. Akaagiza atafutwe mkalimani wa Kirundi na kesi irudi baada ya wiki mbili. Mwendesha mashtaka akanung'unika kwamba Kirundi atakitoa wapi huku kwenye majani chai. Hakimu akamwambia atafute.

Nilirudi nyumbani na mawazo mengi. Wiki mbili za rumande si mchezo, na nilimhurumia. Lakini sikuwa nimewahi kuona watu wakubwa wanasimamisha kazi yao yote ili mchumaji mmoja wa chai, tena mgeni, aelewe anachoulizwa.

Siku ya pili mkalimani alipatikana, mama mmoja Mrundi anayesoma chuo kikuu cha Kabianga. Akaapishwa. Alipomsalimu Goreti kwa lugha yao, Goreti alilia kwanza, na hakimu akasubiri. Kisha akaelezwa haki zake: kwamba anaweza kutafuta wakili, kwamba ubalozi wa kwao unaweza kujulishwa, kwamba halazimishwi kusema kitu. Yote yalikwenda kwa Kirundi na kurudi. Mwisho hakimu akauliza kama kuna mtu yeyote mle ndani anayemfahamu, aseme tu anakoishi. Goreti akageuka kuangalia benchi letu. Akaniona. Kisha akahamisha macho akatazama dirisha, kana kwamba mimi ni ukuta, na kupitia kwa mkalimani akasema huku hana mtu.

Na mimi nikanyamaza, dada. Nilitazama viatu vyangu mpaka kesi ikaahirishwa. Mwanamke aliyelala nyumbani kwangu miaka miwili alinikana ili aniokoe, na mimi nikamwacha anikane. Jioni hiyo nilipika ugali nikashindwa kuula. Mama Cheptoo akaja na maziwa lala, akakaa. Nikamwambia yote. Alisema tu, "Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango. Hata kesho bado uko karibu na mlango." Sikuelewa kama ananiambia nitoroke au niingie, na naona alitaka nichague mwenyewe.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne iliyopita. Goreti alikubali kosa la kibali. La kopi akarudia kwamba aliiokota. Mwendesha mashtaka akasema kuna watu wanauza vitambulisho, na akaomba adhabu kali iwe funzo. Nikasimama. Askari akaniambia nikae, sikukaa. Hakimu akauliza huyu mama ana nini. Nikasema ile kopi haikuokotwa na haikuuzwa, mimi ndiye niliyempa. Nilikuwa na mengine ya kusema lakini hakimu akaniinulia mkono. Akanionya kwamba maneno yangu yanaweza kunirudia, na kwamba ninaweza kuzungumza na wakili kwanza. Hata mimi, Nyabate! Nikamwambia nimeelewa, na kwamba nimeshanyamaza vya kutosha.

Goreti hakufungwa. Hakimu alisema siku alizokaa rumande zinatosha kwa makosa yote mawili, akapewa mwezi mmoja atengeneze karatasi zake au arudi kwao, na yule mama wa Kabianga anamsaidia kujua ofisi ipi inafanya nini. Ninapoandika yuko hapa, anachambua maharagwe. Hajanilaumu hata kwa jicho, na ningependelea anilaumu. Mimi ndiye mshtakiwa sasa. Niko nje kwa udhamini wa Mama Cheptoo.

Sasa nimefika, dada. Jina lililosomwa kortini siku zote tatu ni lako. Kitambulisho ni chako.

Pasaka ya mwaka juzi ulipokuja kunitembelea, kabla Goreti hajafika, ulikiacha ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nilikiona mwezi uliofuata, na kweli nilikusudia kukutumia. Lakini Goreti alikuwa amekaa kitandani siku ya ishirini bila kazi, nikasema nitoe kopi kwanza. Uliponipigia simu kuuliza, alikuwa ameshaandikwa, nikakujibu sijakiona. Nilijiambia nitakirudisha akipata karatasi zake. Kisha wewe ukatengeneza kingine, nikaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu ulikuwa umemtafuta mwizi na ukampata. Nilikuwa kwenu mwezi wa nane wa mwaka huohuo shemeji alipofunga mlango wa sebuleni na kumwita Phelis. Kosa lake ni kwamba alikuwa amekuomba kitambulisho siku moja asajili laini ya simu. Alisema hapana, hakukichukua. Alilisema mara moja, akaambiwa asimjibu kaka yake. Hakuna aliyemuuliza la pili. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kabati la vyombo, kitambulisho kikiwa Boito ndani ya kitabu cha nyimbo, na ni mimi niliyesema afadhali aende kwa shangazi yake akatulize kichwa. Tukaletewa kuku nikala, huku yeye akifunga nguo zake chumbani.

Hilo ndilo lililonisimamisha Jumanne. Wewe utadhani ni Goreti, na ni kweli ni yeye, lakini kwenye lile benchi nilikuwa namwona Phelis. Goreti ni mgeni asiye na ndugu, na alisubiriwa mpaka aelewe, tena milango ikiwa wazi na watu wasiomjua wakisikiliza. Phelis alikuwa nyumbani kwa kaka yake, tunaongea naye lugha moja, na hatukumpa dakika tano. Naona aibu, dada. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Nina ombi moja, na una haki ya kulikataa. Usimpelekee Phelis habari hii kwa kunong'ona. Mwite nyumbani, waite wote waliokuwa sebuleni siku ile, mlango uwe wazi, na barua hii isomwe kwa sauti tangu mwanzo, hata pale pa mwiko. Mumpe kiti cha mbele, na akimaliza kusikiliza, aseme anachotaka kusema, na asikatizwe. Kitambulisho chenyewe siwezi kukutumia kwa sasa. Nilikitoa mwenyewe Jumanne ile, kiko kortini, ni ushahidi.

Goreti anakusalimu. Anaomba radhi kwa kulivaa jina lako bila ruhusa. Ananiomba nikuambie kwamba alichuma majani mawili na chipukizi kila siku, na hakuna hata siku moja jina Nyabate liliporudishiwa majani mabaya kwenye mizani. Msalimie mama, lakini haya mwambie wewe, mimi sina uso.

Kesi yangu ni tarehe kumi na nane mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Sikuombi uje kunitetea. Ninakuambia tu kwamba benchi la nyuma ni la watu wote, Phelis akitaka kuja naye, hakuna atakayemuuliza jina. Huhitaji kuitwa, wala huhitaji kuwa ndugu yangu. Hata kama ukimaliza kusoma barua hii utaamua kwamba mimi si mdogo wako tena, bado unaruhusiwa kuingia ukakaa.

Ni mimi,
Marcella