Kioo cha Noah na Harufu ya Mtukuru

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rahabu Stefano Ntandu
Umri: Miaka 41
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa alizeti
Makazi: Kintinku, Wilaya ya Manyoni
Tarehe ya maelezo: 14 Septemba 2023

Mimi ni mke wa Nathan Chilewa, dereva wa Noah nyeupe iliyomgonga Urbano Lesilwa. Sikuitwa hapa kituoni, nimekuja mwenyewe. Urbano amefariki leo asubuhi na kijiji kizima kinasema mume wangu alikuwa amelewa. Mazishi ni kesho. Nathan yuko hospitali na mpira wa oksijeni puani, kifua kimeumia, hawezi kujisemea, na askari amekaa kando ya kitanda. Majibu ya damu nimeambiwa bado. Sasa nani amsemee kama si mimi?

Nathan hanywi pombe. Ni mzee wa kanisa, na hata kwenye harusi ya mdogo wangu alikunywa soda watu wakamcheka.

Gari lile ni letu, tunabebea abiria. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, anayeishi kule anajua. Ukioshea gari ukaliacha juani, vioo vinabaki na madoa meupe, na kila ukiosha unaongeza mengine juu yake. Tumehangaika nayo tangu wakati wa mavuno. Tumesugua kwa sabuni, kwa gazeti, kwa jivu, kwa dawa ya meno, wapi. Fundi mmoja akasema tupake maji ya betri, nikamwambia akajipake yeye machoni. Mchana madoa hayasumbui sana. Lakini jioni ukielekea Manyoni, jua likiwa mbele, kioo chote kinawaka cheupe na barabara huioni.

Mnamo tarehe 12 Septemba 2023, majira ya saa tisa alasiri, nilimwambia Nathan gari halitoki mpaka kioo kitakate. Kwetu Mungaa sufuria ya maji ikishika ukoko wa chumvi, mama zetu huimwagia mtukuru uliochacha, ile pombe yetu ya kienyeji. Ukoko ukilala nao unalegea. Siki dukani hakuna, hivyo nikaenda kwa Mama Pendo anayeuza pombe, akanipa ndoo ya masalia ya juzi. Nathan akasema, "Leo mke wangu unalilewesha gari." Tulicheka wote wawili.

Nililoweka matambara kwenye ndoo, Nathan akawa anayakamua, mimi nayabandika kwenye vioo. Shati lake lililowa kifuani chote. Nilianza na vioo vya ubavuni, kujaribu kwanza mahali pasipo na hasara kubwa. Vilitakata, nikaona Mungu ametukumbuka. Ndipo nikahamia kioo cha mbele, upande wa abiria. Mtukuru ulichuruzika ukaingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo, gari zima likanuka kama kilabuni. Upande wa abiria ukatakata. Upande wa dereva sikuufikia.

Hapo ndipo alipokuja mume wa jirani yetu Kuluthumu, anahema. Mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na zahanati imesema awahishwe Manyoni. Nathan alikitazama kioo akasema, "Jua litakuwa mbele." Nikamwambia, "Utakwenda polepole. Tukingoja kioo, huyu mama atatufia hapa." Tukampakia. Mimi nilikaa nyuma nimempakata Kuluthumu kichwa, na mumewe akawa miguuni.

Tulikuwa hatujafika Saranda, karibu saa kumi na mbili jioni. Jua lilipiga kioo na upande wa dereva ukawa ukuta mweupe. Nathan akawa anaendesha ameegemea kushoto, karibu kulala kwenye kiti cha abiria, apate kuchungulia pale nilipopasafisha. Wale wa barabarani waliosema waliona dereva amelala upande hawakusema uongo. Ni kweli alikuwa amelala upande, alikuwa anatafuta pa kuonea.

Urbano alivuka kutoka kulia na baiskeli yenye madumu ya maji. Nilisikia madumu kabla ya kusikia breki. Gari liliingia mtaroni na Nathan akapiga kifua kwenye usukani. Lori lililokuwa nyuma lilimchukua Kuluthumu, na nimeambiwa amejifungua salama. Watu walipomtoa Nathan, wakanusa shati, wakanusa gari. Wakasema kanywa. Nilipiga kelele kwamba ni ya kusafishia kioo. Hata ningekuwa mimi nisingeamini.

Hapa Koplo Janeth ameweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, unaelewa unachosema? Nikiandika hivi, hakimu atasoma kwamba alijua haoni na bado akaendesha." Nimemwambia, afande, andika. Alijua. Hata mimi nilijua, na mimi ndiye niliyemwambia aende. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kama ni jela, aende kwa ajili ya kioo, asiende kwa ajili ya pombe. Na watoto wa Urbano wajue kabla hawajamzika baba yao kwamba aliyemgonga alikuwa anahangaika kuona. Naogopa sana, sina la kuwaambia zaidi ya hilo.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu, sikushawishiwa na mtu.

Saini ya shahidi: R. S. Ntandu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Janeth, nikamsomea shahidi naye akakubali ni sahihi. Nilipomuuliza kama kuna neno la kufuta alisema hakuna. Ameomba askari anayelinda kitanda asimwambie mumewe kwamba Urbano amefariki. Atakwenda kumwambia yeye mwenyewe.