Batani ya Pili

Jumanne, 2 Oktoba 2007
Shiro ameshika rimoti sasa hivi akapandisha sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Nimemnyang'anya, amelia, nimembusu. Bado hajafika miaka miwili na tayari anasema "weka movie". Baba yake anaona ni kitu cha kuchekesha. Laptop tunayotazamia alipewa na bosi wake, Mhindi wa duka la vifaa vya stima Nakuru, bosi aliponunua nyingine. Ina batani mbili za kuwasha; ukibonyeza ya kushoto, TV inatokea moja kwa moja. Kila jioni ni hiyo tu.

Alhamisi, 4
Rafiki yangu Akinyi amesema shamba la maua linatafuta karani. Form Two inatosha, bora ujue kutaipu. Mtihani ni Ijumaa ijayo. Form Two ndipo nilipoachia shule. Kutaipu sijui. Baba Shiro akiwa kazini nimejaribu batani ya kulia. Imekawia. Halafu kompyuta nzima ikafunguka, na mahali pa kuandika. Nimeandika jina langu, Wambui.

Jumapili, 7
Nimemwambia Baba Shiro nataka ukarani, anifundishe kutaipu. Makosa yangu. Marafiki zake wawili walikuwa wamekalia kitanda wakitazama mpira.
"Hii ni ya kuangalia, Mama Shiro. Umewahi ona karani na rimoti?" amesema Baba Shiro.
"Mathe, leta chai kwanza. Ukarani baadaye," rafiki mmoja akaongeza.
Wamecheka. Nimeleta chai. Nilitaka kuwamwagia.

Jumanne, 9
Sasa anaibeba laptop kazini. Ati nitaiharibu. Nimechora batani zote za herufi kwa kipande cha katoni, vile nilivyozikumbuka. Vidole vinatembea, hakuna kinachoandikika. Shiro akilala, mimi nagonga katoni. Leo namchukia baba yake. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 12
Shiro nimemwacha kwa jirani. Huko shamba la maua tulikuwa wengi, wengine na vyeti vya college. Nimetaipu barua polepole, makosa mawili. Mama wa ofisi amesimama nyuma yangu.
"Ulifundishwa wapi?"
"Nyumbani."
Hakucheka. Amesema Jumatatu naanza.

Jumamosi, 13
Nimemwambia Baba Shiro asubuhi. Ameuliza kitu kimoja: "Na mtoto?" Hajawahi kuuliza hivyo akiwa kwa movie. Shiro ataenda kwa mama yangu, Longonot, nitamwona kila Jumapili. Nimekunja sweta zake. Nimezinusa kwanza. Ni uchungu, lakini naenda. Baba Shiro amekaa na laptop, hajaiwasha. Ananiita. Namjibu nakuja, nimalizie tu kuandika kwamba hii kazi hakuna aliyenipa, nimeitafuta kwa vidole vyangu na kipande cha katoni.